Uniti 28 kwa Shilingi 10,000: Kuisoma LUKU na Kubana Umeme Nyumbani

Mteja wa TANESCO aliye kundi la T1 akinunua umeme wa shilingi 10,000, ujumbe unaorudi kwenye simu humpa tokeni ya tarakimu 20 na uniti 28 na ushee. Mwezi unaofuata anatuma kiasi kilekile, anapata 23. Hapo maneno huanza: mita imechezewa, bei imepandishwa kimyakimya, umeme wa siku hizi unakimbia. Mara nyingi hakuna kilichochezewa. Jibu limo ndani ya ujumbe uleule, kwenye mistari ambayo wengi huiruka ili wawahi kuingiza tokeni kabla giza halijaingia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bei ya T1, kundi lenye wateja wengi wa majumbani na wenye biashara ndogo, ni shilingi 292 kwa uniti, kwa mujibu wa bei ambazo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, iliidhinisha mwaka 2016. Juu ya hiyo kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3, na tozo ya EWURA yenyewe asilimia 1. Ukijumlisha, uniti moja inafika shilingi 356 na senti kadhaa. Gawanya 10,000 kwa 356, zinakuja uniti 28.

Zile uniti tano zilizopungua zimekwenda kwenye kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo ile 10,000 inabaki 8,500 na kuleta uniti 23.8. Asiyenunua umeme kwa miezi miwili hukuta deni la miezi yote likimsubiri kwa pamoja, na ndiyo maana anayerudi nyumbani baada ya safari ndefu huona uniti zake zimekonda. Mpangaji naye ajue kwamba kodi hii ni ya mwenye nyumba. Anaweza kukubaliana naye waipunguze kwenye kodi ya pango, na ushahidi wake ni zile jumbe za LUKU, ambazo hazina sababu ya kufutwa.

Kundi la pili la wateja wa majumbani ni D1, la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Hapa uniti ni shilingi 100, na pamoja na kodi na tozo inakuwa 122. Uniti zote 75 zinapatikana kwa shilingi 9,150. Ikivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, yaani 427 mfukoni, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Anayevuka kiwango hicho mara kwa mara huhamishiwa T1. Asiyejua yuko kundi gani achukue kiasi alicholipa, atoe makato ya kodi ya majengo, kisha agawanye kwa uniti alizopata. Ikija 122 au karibu yake, yuko D1. Ikija 356, yuko T1. Kwa mtu wa D1, kubana uniti 10 tu mwishoni mwa mwezi kuna maana kubwa kuliko kubana uniti 10 hizohizo mwanzoni, kwa sababu za mwishoni ndizo zinazoweza kuangukia kwenye bei ya 427.

Kenya mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Mteja wa Kenya Power huwekwa kwenye daraja kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu: mpaka uniti 30, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Juu ya bei ya msingi kuna makato ya mafuta ya mitambo na ya mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni, ambayo hubadilika kila mwezi. Kwa hiyo tokeni za shilingi 500 mwezi huu na mwezi ujao zinaweza kutofautiana hata kama mtumiaji hajabadilisha kitu. Mtanzania hana kisingizio hicho. Bei yake imekaa mahali pamoja kwa miaka, na uniti zikiisha mapema, kitu cha kuchunguza kiko ndani ya nyumba.

Joto ndilo linalokula

Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Uniti hiyohiyo huiwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa saa 111. Huzungusha feni ya wati 60 kwa karibu saa 17. Lakini pasi ya wati 1,200 inaimaliza ndani ya dakika 50, na hita ya ndoo ya wati 2,000 inaimaliza kwa nusu saa.

Tofauti hizi zinaonyesha kosa la nyumba nyingi. Watoto hugombezwa kwa kuacha taa ya sebuleni ikiwaka, huku hita ikichemsha ndoo ya nne bafuni na hakuna anayesema neno. Kelele zinaelekezwa kwenye senti, na noti zinapita. Anayetaka kubana umeme kweli aanze kwa kuorodhesha vitu vyote nyumbani vinavyotengeneza joto: hita, shawa ya maji moto, jiko la umeme, birika, pasi, oveni, mashine ya kukaushia nywele. Baada ya hapo aorodheshe vinavyotengeneza baridi: friji, friza, kiyoyozi. Taa, feni, redio na chaja za simu ziwekwe mwisho kabisa wa orodha.

Maji ya kuoga yanastahili kuangaliwa kwanza, kwa sababu ndipo umeme mwingi unapopotelea bila mtu kujua. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 40, joto la kuogea, kunahitaji uniti 0.35 hata kama hita ni nzuri kiasi gani, kwa kuwa maji yana kiwango chake cha joto yanachodai. Kwa bei ya T1 hiyo ni kama shilingi 124 kwa ndoo. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, inatumia uniti 52 kwa mwezi kwa kuoga peke yake, zaidi ya shilingi 18,000. Peleka familia hiyo Njombe, ambako asubuhi ya baridi maji yanaweza kuwa na nyuzi 15, na hesabu inapanda hadi uniti 87, karibu shilingi 31,000. Familia ya D1 ikifanya hivyo, uniti zake zote 75 za bei nafuu zimekwisha kabla haijapika wala kuwasha televisheni.

Shawa ya umeme nayo haikwepi hesabu hii. Nyingi zina wati 3,500 hadi 5,500, na mtu akikaa chini ya shawa ya wati 4,500 kwa dakika 6 ametumia uniti 0.45. Wanaodhani shawa ni nafuu kwa kuwa inawaka muda mfupi wahesabu dakika zao kwanza. Kuna pia desturi ya kuchemsha maji mpaka yatokote kisha kuyapooza kwa maji baridi. Yakichanganywa yote na kutumika papo hapo, hakuna hasara kubwa. Lakini yakisubiri bafuni wakati mtu anatafuta taulo, au yakimwagwa kwa kuwa yamezidi, kila dakika na kila lita ni umeme uliokwenda bure.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote iko juu ya paa. Simtanki jeusi lililoanikwa juani mchana kutwa hutoa maji ya vuguvugu jioni. Maji yakianza kwenye nyuzi 32 badala ya 25, umeme unaohitajika kuyafikisha 40 unapungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo kuoga jioni ni nafuu kuliko kuoga alfajiri, na mtoto anayetosheka na nusu ndoo apewe nusu ndoo. Kwa wakazi wa Arusha, Mbeya, Iringa na Njombe wanaojenga nyumba za kudumu, mtambo wa kupasha maji kwa jua unafaa kuingizwa kwenye ramani tangu mwanzo, kwa sababu kuja kutoboa dari na kupitisha mabomba baadaye ni gharama juu ya gharama.

Jikoni pana habari njema zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na watu wengi wakisikia kupika kwa umeme huona mita ikikimbia. Hofu yao ina msingi kwa jiko la sahani au la koili. Maharage makavu yakichemka saa mbili juu ya koili ya wati 1,500, hata ikipunguzwa moto, hula uniti mbili au zaidi. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine kabisa. Limefunikwa, lina kuta zinazozuia joto lisitoke, na likishafikia presha linajizima na kujiwasha lenyewe. Maharage hayohayo huiva kwa kama nusu uniti, na yakilowekwa usiku kucha hutumia pungufu ya hapo. Makande, kwato, mbaazi na nyama ngumu ndivyo vyakula vyake hasa. Chapati na vitu vya kukaanga havina faida humo. Hivyo vibaki kwenye gesi.

Birika la umeme lina sifa mbaya isiyolistahili. Kuchemsha lita moja ya maji kunachukua takriban uniti 0.1 tu. Kinachopoteza ni kujaza lita moja na nusu kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, halafu kuchemsha tena maji yaleyale baada ya nusu saa. Chemsha unachokunywa, kinachobaki kiingie kwenye chupa ya chai.

Na pasi? Ipigwe mara moja kwa wiki, nguo zote pamoja. Anayepasha pasi kila asubuhi kwa shati moja analipia kuipasha upya mara tano au sita kwa wiki. Nguo nyepesi zinyooshwe mwisho, pasi ikiwa imeshazimwa na bado ina moto.

Friji haipumziki

Friji haina wati nyingi, ila iko kazini usiku na mchana, na hiyo ndiyo inayoifanya iwe mlaji mkubwa katika nyumba zisizo na hita. Friji mpya ndogo yenye teknolojia ya inveta inaweza kutumia nusu uniti hadi robo tatu kwa siku. Friji kuukuu ya mtumba, yenye mpira wa mlango uliochoka, inaweza kula uniti moja na nusu. Kwa mwezi tofauti ya hizo mbili inafika uniti 25 hivi, karibu shilingi 9,000 kwa bei ya T1. Ile ya mtumba iliyoonekana rahisi dukani inarudisha tofauti ya bei kwa TANESCO kidogokidogo, mwezi hadi mwezi.

Kwenye friji nyingi mpya kuna karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye nyota au herufi, pamoja na idadi ya uniti kwa mwaka. Usiishie kwenye nyota. Tafuta namba ya uniti kwa mwaka na uigawanye kwa 365: friji ya uniti 219 kwa mwaka ni uniti 0.6 kwa siku. Kisha ongeza kidogo kichwani, maana namba hiyo hupimwa maabara, na jiko la nyumba ya Mbagala au Tanga mwezi wa Februari ni la moto kuliko maabara.

Friji iliyopo nayo inaweza kusaidiwa. Funga mlango ukibana karatasi, kisha uivute: ikitoka bila kukwama, mpira umelegea na baridi inavuja mchana na usiku. Mpira hubadilishwa kwa fundi, na gharama yake hurudi. Nyuma ya friji iachwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na vumbi kwenye bomba za nyuma lifutwe, kwa kuwa hapo ndipo joto linapotolewa nje. Isikae karibu na jiko wala mahali jua la saa tisa linapoingia dirishani. Barafu ikijaa kwenye friza mpaka kuzidi unene wa kidole, friji izimwe iyeyuke yenyewe. Kisu kimetoboa bomba za gesi za friji nyingi sana mikononi mwa watu wenye haraka. Chungu cha moto kisiingizwe. Sehemu ya chini iwekwe nyuzi 4, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuzidisha hapo hakuongezi usalama wa chakula.

Wapo wanaozima friji usiku ili kubana umeme. Akiba yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa asubuhi kompresa hufanya kazi mfululizo kurudisha baridi iliyopotea, na nyama au maziwa yaliyopata joto kwa saa nane yanaweza kuharibika. Anayetaka kuizima aizime iwapo ni tupu, au ikiwa ina maji ya kunywa tu.

Kiyoyozi ni habari fupi. Chenye uwezo wa BTU 12,000 huvuta karibu wati 1,000 kompresa inapofanya kazi, na usiku wa saa nane unaweza kumaliza uniti tano. Feni kwa saa hizohizo haifiki nusu uniti. Mwenye ulazima wa kiyoyozi akiweke nyuzi 25 au 26, awashe na feni ili hewa izunguke, azibe mianya ya madirisha ya vioo vya kupachika, na asafishe chujio lake kila mwezi.

Kuhusu taa, kazi ni moja na inaisha siku moja: badilisha zote ziwe LED. Balbu tano za zamani za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 45 kwa mwezi. LED tano za wati 9 hula uniti 6.75. Baada ya hapo amani irudi sebuleni, na watoto waachwe wasome.

Kisha kuna vile vinavyokula vikiwa vimelala. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti mara nyingi hakijazimika. Kinaweza kuendelea kuvuta wati 10 au zaidi. Kwa wati 10 usiku na mchana, mwezi unakwisha na uniti 7.2 zimekwenda, nyingi kuliko za zile taa tano za LED. Sabufa, maikrowevu yenye saa na vifaa vya intaneti visivyotumika usiku vina tabia hiyohiyo. Vizimwe ukutani kwenye swichi ya soketi.

Kuifanya mita iseme

Kwenye mita nyingi za LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Hapo mwenye nyumba ana kipimo kamili bila kununua chochote. Hesabu mipepeso kwa dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa 1,000. Mipepeso 10 kwa dakika ni kilowati 0.6, yaani wati 600. Kama mita imeandikwa 1600 au 3200, gawanya kwa namba hiyo.

Kazi nzuri ya Jumamosi ni hii. Zima kila kitu, kisha washa kifaa kimoja kimoja na kuhesabu. Friji ipimwe kwa saa nzima, kwa sababu huwaka na kuzima. Ndani ya asubuhi moja familia itakuwa na orodha ya ukweli kuhusu nyumba yake yenyewe, tofauti kabisa na orodha za kukisia zinazosambazwa kwenye makundi ya simu.

Kisha chomoa kila kitu, mpaka chaja ya mwisho, huku mein swichi ikiwa imewashwa. Taa ya mita ikiendelea kupepesa, kuna umeme unaokwenda mahali pasipojulikana: waya uliochubuka ndani ya ukuta, pampu ya maji iliyosahaulika, hita iliyoanza kuvujisha umeme, au jirani aliyeunganishiwa na fundi bila mwenye mita kujua. Zima mein swichi. Mipepeso ikikoma, tatizo liko kwenye waya za nyumba na ni kazi ya mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA. Ikiendelea hata baada ya hapo, ni kazi ya TANESCO wenyewe. Umeme unaovuja hauishii kula fedha: huweza kuchoma nyumba, na huua mtu anayegusa bati au bomba akiwa miguu mitupu.

Kipimo kingine cha bure ni kuandika uniti zilizobaki wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Nyumba yenye friji, taa moja ya nje na feni moja haitarajiwi kupoteza zaidi ya uniti moja na kidogo usiku kucha. Ikipoteza tatu, kuna la kutafuta.

Mita moja, vyumba sita

Nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma zina tatizo lao, na miongozo mingi ya kubana umeme haiwagusi wakazi wake. Vyumba sita, mita moja, kila chumba kinatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Inapatikana 30,000, uniti 84 kwa bei ya T1, wastani wa uniti 14 kwa chumba. Chumba chenye uniti 14 kingekuwa na mita yake kwenye kundi la D1, kingelipa shilingi 1,708. Watu wenye matumizi madogo kuliko wote mtaani ndio wanaolipa bei ya juu, kwa sababu tu wamejumlishwa. Mpango wa bei uliolenga kumsaidia mnyonge haumfikii mpangaji wa chumba kimoja, na jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa sauti kubwa kila EWURA inapokusanya maoni ya wananchi kuhusu bei.

Je, kila chumba kivute mita yake? Gharama ya kuunganisha umeme wa njia moja mjini, pasipohitaji nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Ukigawanya kwa akiba ya shilingi 3,300 kwa mwezi, inachukua zaidi ya miaka minane kurudi, na mpangaji gani anakaa chumba kimoja miaka minane? Kinachowezekana leo ni sabumita, mita ndogo ambayo mwenye nyumba hufungiwa na fundi kwa kila chumba. Haibadilishi bei, ila inamaliza ugomvi, kwa kuwa kila mmoja huona alichotumia.

Pasipo na sabumita, mgawanyo ufuate vifaa badala ya vichwa. Kama mpangaji mmoja ana friji ya uniti 30 kwa mwezi, hizo ziwe zake kwanza. Zinabaki 54, zigawanywe kwa sita, tisa kila chumba. Mwenye friji atalipa uniti 39, karibu shilingi 13,900. Wengine watalipa kama 3,200 kila mmoja. Mama anayeuza barafu na juisi baridi anaingiza fedha kwa umeme huo, na wengi wa wafanyabiashara hao hukubali hesabu ikiwekwa wazi mbele yao kuliko wanavyokubali maneno ya kusemwa pembeni.

Tokeni, mafundi na malalamiko

Tarakimu 20 za tokeni zimefungwa kwa ufunguo wa mita moja tu. Ukikosea namba ya mita, umeme umeshanunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na tokeni hiyo haitakubali kwako hata ukiirudia mara ngapi. Ndiyo maana namba ya mita inafaa kuhifadhiwa kwenye simu badala ya kuandikwa kwa kukumbuka. Mita pia hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea, hivyo haziwezi kutumika mara mbili.

Wengi wanakumbuka usumbufu wa mwaka 2024, mnunuzi alipoletewa mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja. Mfumo wa tokeni hizi, uliobuniwa Afrika Kusini na kuenea duniani, huhesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi yake ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo lililokuwa umeme. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya tarehe hiyo ilikoma kupokea tokeni mpya. Kwa hiyo anayefungua nyumba iliyofungwa muda mrefu, akikuta mita inakataa tokeni, asiite fundi wa mtaani wala kuivunja; aende ofisi ya TANESCO na namba ya mita. Mita janja zinazofungwa kwa awamu zinaondoa hatua ya kubonyeza tarakimu, kwa kuwa uniti huingia zenyewe baada ya malipo.

Maombi ya kuunganishiwa umeme siku hizi hufanyika kwa simu kupitia mfumo wa NIKONEKT, unaopatikana hata kwa simu ya kitochi kwa kupiga *152*00#. Faida yake kubwa ni kumweka kando kishoka, yule anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa shirika na kuahidi nguzo kesho kwa fedha taslimu leo. Malipo halali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayedai fedha mkononi, au anayejitolea kuichezea mita ili uniti zisipungue, anamwachia mwenye nyumba faini, kesi na hatari ya moto, na yeye hatakuwapo.

Malalamiko yaanzie TANESCO, na mteja asiondoke au asikate simu bila namba ya taarifa yake. Aandike tarehe, saa umeme ulipokatika au kupungua nguvu, na kifaa kilichoungua kama kipo. Asiporidhika na jibu, hatua inayofuata ni EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC, humsaidia mlalamikaji kuandaa shauri lake bila malipo. Mashauri hupimwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa: risiti za miezi mitatu au minne, uniti zilizosomwa usiku na asubuhi, na ile hesabu ya mipepeso ya Jumamosi huwa na uzito ambao maneno matupu hayana.